Boti za kibanda zinazofanana: rangi itakudanganya, tazama tezi

Ndugu uliyeuliza juu ya zile boti mbili nyeupe ulizoziona Tudor, hapa Mombasa, futi ishirini na kitu, "kama zimetoka tumbo moja", ukataka kujua mtu anazitambuaje kwa mbali na ipi ya kuvulia: umenigusa kidonda, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Mwaka fulani, upepo wa kusi ukianza kutulia, binamu yangu alitoka alfajiri kwenda nje ya mwamba na boti ya kibanda ya tajiri wake. Alasiri angekuwa amerudi. Magharibi ikakaribia, hayupo, na simu haishiki. Nikaenda Mama Ngina, nikanunua kahawa ambayo sikuinywa, macho kwenye mlango wa bandari ya Kilindini. Si muda ikaibuka boti nyeupe, kibanda mbele, mstari wa buluu ubavuni. Nikampigia mamake: "Khalati, wameshaingia, injika chai." Ile boti ilipopita chini yangu nikaona injini mbili za nje zimesimama tezini, yaani nyuma ya boti. Ya binamu yangu haina injini ya nje hata moja. Yeye alikuja saa mbili usiku akivutwa na mashua ya wavuvi, chujio la dizeli limejaa uchafu. Khalati alimsamehe mwanawe usiku uleule. Mimi nilikaa wiki nzima nikiitikiwa salamu kwa pua.

Tangu hapo rangi siitazami. Boti za faiba karibu zote ni nyeupe kwa sababu rangi ya giza hushika joto juani, na huo mstari wa buluu ni karatasi ya kubandika tu, leo upo kesho umebanduka.

Naanza tezini. Injini ya nje haifichiki, kichwa chake kinaonekana hata bila darubini. Ukiona tezi tupu, jua injini iko ndani, na hapo tazama maji: dizeli ya ndani hutema maji ya kupoza pamoja na moshi kwa tundu la nyuma, inakohoa kama mzee wa baraza. Kisha kioo cha mbele. Kuna kilicholala nyuma kama cha gari dogo, na kuna kilichoinamia mbele kama mtu anayechungulia kisima. Hicho cha pili wengi hukiona kibaya, mimi ndicho nikipendacho. Maji ya chumvi hayakai juu yake, kibanda kinapata nafasi, na jua la saa saba halikuangukii mapajani. Kioo kilicholala, bila pazia, kitakupika, labda uwe unavua Norway.

Wafaransa ndio mabingwa wa boti hizi za kuvua zenye kibanda, na ndio wanaotuchanganya zaidi. Merry Fisher ni jina la boti za kampuni ya Jeanneau, Antares ni la boti za Bénéteau, na tangu 1995 Jeanneau imo mikononi mwa Bénéteau, kwa hiyo ukiona zinafanana usijilaumu. Tena jina hilohilo limebandikwa boti za miaka na maumbo tofauti, nyingine za dizeli ya ndani, nyingine za injini ya nje. Mtu akikwambia "ni Merry Fisher" bado hajakwambia kitu.

Sasa ipi ya kuvulia. Nimetoka na aina zote mbili, na jibu langu linategemea unavua nini. Ukirambaza nguru, yaani ukivuta mshipi nyuma ya boti inayokwenda, unataka mwendo wa maili 5 hadi 7 za bahari kwa saa, saa nyingi mfululizo. Boti ya tumbo la mviringo yenye mkuku (uti wa chini) na shafti (chuma kinachotoka injini ya ndani kuzungusha rafadha), ikiwa na futi 20 majini, mwendo wake wa asili ni kama maili 6. Hapo ndipo inapojisikia nyumbani: omo, yaani mbele ya boti, limetulia, dizeli inanywa kidogo, mshipi unakaa ulipouweka. Ile ya tumbo la pembe, lenye umbo la V, iliyoundwa ikimbie juu ya maji, kwa mwendo huohuo inainua omo na kukaa kitako, haijaruka wala haijaelea, na petroli inakwisha ukiitazama.

Lakini tia nanga uvue changu, mawimbi ya ubavuni yakija. Ile ya tumbo la mviringo itakwenda mrama mpaka chai irudi kooni. Nilimwona mgeni mmoja, mtu mzima na kofia yake, amekumbatia nguzo ya kibanda kama mtoto na mguu wa mamake. Na kurudi nyumbani nako ni habari nyingine: maji yakipwa, hasa ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yanatoka mlangoni yakikutana na upepo wa kusi, na mawimbi yanasimama wima, mafupi, karibu karibu. Hapo pembe kali ya tumbo hukata maji, na tumbo bapa hukupiga meno. Mimi kwa nguru nachukua shafti, kwa safari ya mbali ya kurudi siku hiyohiyo nachukua injini ya nje. Mbili, si moja.

Ukifika kwenye kununua, acha ukoo wa majina, chutama tezini. Upande wa kulia ukielekea omoni, karibu na ukingo wa juu, kuna namba ya boti. Za Ulaya huanza na herufi za nchi, FR kwa Ufaransa, GB kwa Uingereza. Tazama nne za mwisho. Dalali mmoja aliniapia boti yake ni ya 2012. Nikapangusa chumvi kwa kidole: K607. K ni herufi ya kumi na moja, yaani Novemba. 6 ni 2006. 07 ni modeli ya 2007. Dalali akasema labda namba imekosewa kiwandani. Na kama hapo pamekwaruzwa au pamepakwa rangi mpya, hata bei usiulize.

Kwa hizo mbili zako, rudi maji yakiwa yamejaa upige picha za tezi na za kioo, uziweke hapa. Ila kama mojawapo ina kioo kilichoinamia mbele na ngazi ya chuma iliyopinda upande wa kushoto, hiyo ni ya tajiri wa binamu yangu, haiuzwi. Chujio ameshabadilisha.