Brass: Birmingham si bahati ya karata: kuhusu mkopo, bia na zamu

Mkuu, nimesoma swali lako lote. Mnacheza wanne, ukifika raundi ya nne hela imekata, mkopo hutaki hata kuugusa, na sasa umeanza kuamini kwamba Brass: Birmingham, gemu la ubao la kujenga viwanda na njia za kuviunganisha, ni bahati ya karata tu. Hili gemu nalipenda sana, na nitaumia ukiliuza kwa sababu hiyo, kwa hiyo nivumilie nikujibu kwa kirefu.

Tuanze na mkopo maana ndipo ulipokwama. Unaanza na pauni 17 na kipato sifuri. Ukikopa unapewa pauni 30 papo hapo, kipato kinashuka ngazi 3. Sasa utazame vizuri ule mstari wa kipato kwenye ubao. Huku chini kila ngazi ina nafasi moja tu. Ngazi za pauni 1 hadi 10 zina nafasi mbili mbili, na za 11 hadi 20 zina tatu tatu. Kwa hiyo ukikopa mwanzoni umepoteza nafasi 3 basi. Ukisubiri mpaka kipato kifike pauni 8, mkopo ule ule unakula nafasi 5 au 6. Ni kweli utakuwa unatoa pauni 3 kila mwisho wa raundi mpaka viwanda vyako vianze kugeuka (kibao cha kiwanda kinapinduliwa bidhaa zake zikiisha au zikiuzwa, na kipato kinapanda), lakini pauni 30 za mapema zinajenga vitu ambavyo pauni 30 za baadaye haziwezi kuvijenga kwa wakati. Na hela inayobaki mkononi mwisho wa mchezo haikupi pointi hata moja. Mtu anayemaliza akiwa na noti nyingi amekalia viwanda ambavyo hakuvijenga.

Jambo la pili ndilo kubwa kuliko yote: jenga vitu ambavyo wenzako watalazimika kuvitumia. Chukua kiwanda cha chuma cha daraja la kwanza. Kinakugharimu pauni 5 na makaa ya mawe kipande 1, kinatoa chuma vipande 4. Kama soko bado lina zile nafasi mbili za wazi za mwanzo, viwili vinaingia sokoni hapo hapo na unalipwa. Vinabaki viwili. Chuma hakihitaji njia ya kukisafirisha, na sheria inamtaka kila mchezaji amalize kwanza chuma kilichopo ubaoni ndipo anunue sokoni. Jirani yako anataka kuondoa vibao viwili dhaifu kwenye mkeka wake ili afikie vya daraja la juu, kazi inayodai chuma? Anachukua vile viwili vyako, bure. Anadhani amefaidi. Kibao chako kinageuka, kipato chako kinapanda nafasi 3, zile zile ulizopoteza kwa mkopo, na hukutumia zamu yako kuzirudisha. Makaa nayo ni hivyo hivyo, ila hayo lazima yaunganishwe na njia, kwa hiyo uweke mgodi mahali ambapo wengine wanapita au wanakaribia kujenga.

Bia ni habari nyingine. Pamba, vyombo vya udongo na bidhaa za viwandani, karibu vyote vinadai bia ukitaka kuviuza. Bia yako unaitumia popote, hata kama hujaunganishwa nayo. Ya mpinzani unaichukua kama njia inakufikia, na yeye yako vile vile. Ndiyo maana ukijenga kiwanda cha bia ukakiacha hadi zamu ijayo, mara nyingi utakikuta kikavu. Kibao kitakuwa kimegeuka na kipato kimepanda, sawa, lakini pamba yako bado iko ghalani. Una hatua mbili kwa zamu: jenga kiwanda cha bia kwa ya kwanza, uza kwa ya pili. Ipange hivyo tangu raundi iliyotangulia.

Na hapo tunafika kwenye mpangilio wa zamu, kitu ambacho wageni wengi hawakipi uzito. Aliyetumia hela kidogo raundi hii anaanza raundi ijayo. Jamaa mmoja wa meza yetu, tukiwa enzi ya reli (nusu ya pili ya mchezo, baada ya enzi ya mifereji), alikuwa wa mwisho kucheza. Akauza pamba, akachukua mkopo, hakutoa hata pauni. Sisi wote tulikuwa tumetoa, kwa hiyo raundi iliyofuata akaanza yeye: hatua nne mfululizo. Akalipa pauni 15, akala bia ya mwenzetu iliyokuwa Burton, akaweka reli mbili kwa mpigo, Birmingham kwenda Oxford na Birmingham kwenda Coventry. Tulizililia njia zile usiku kucha.

Karata sasa. Kukopa, kuuza, kuweka njia, kuondoa vibao: yote hayo unatupa karata yoyote. Inayojali karata ni kujenga peke yake, na hata hapo ukikwama unaruhusiwa kutupa karata tatu upate mbili za jumla, moja ya mahali popote na nyingine ya kiwanda chochote. Bahati ipo, ila ni ndogo.

Nidokeze kitu kuhusu ramani yenyewe, maana kwangu ndiyo inayonirudisha mezani. Coalbrookdale ndipo Abraham Darby alipoyeyusha chuma kwa makaa ya koki mwaka 1709. Josiah Wedgwood, mfinyanzi wa Stoke, alipigania mfereji wa Trent na Mersey kwa sababu vyombo vyake vilivunjika kwenye barabara mbovu, ulikamilika 1777. Kisha reli ya London hadi Birmingham ikafunguliwa yote mwaka 1838. Martin Wallace, aliyetunga Brass ya kwanza mwaka 2007, na wenzake wa toleo hili la 2018 wameyaweka mabadiliko hayo ya mifereji kuipisha reli ndani ya sheria: enzi ya mifereji ikiisha, mifereji yote inaondolewa ubaoni, pamoja na viwanda vyote vya daraja la kwanza.

Kwa hiyo raundi mbili za mwisho za mifereji usijenge tena daraja la kwanza, labda kama kuna kibao unachohitaji kukigeuza papo hapo. Weka daraja la pili na ukigeuze kabla enzi haijafungwa. Kinahesabiwa pointi hapo, kinabaki ubaoni, na kinahesabiwa tena mwisho wa reli.