Barua kwa mwanangu: hela zako za poka

Mwanangu Idrisa,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, maana upepo wa huko Leeds ulikuwa unakula nusu ya maneno. Nilivyokuelewa, unauliza kama zile pauni mia sita zilizomo kwenye akaunti yako ya poka ya mtandaoni ziko salama zikiendelea kukaa humo, na kama ni kweli wanavyosema wenzako kwamba kuna watu wanaona karata za wengine. Mama yako alitaka nikujibu kwa neno moja tu: acha. Msimamo wangu kuhusu kamari unaujua tangu utotoni na leo siurudii. Ila swali lako ni la mifumo, na mifumo ya benki ndiyo iliyokulisha na kukusomesha, kwa hiyo nakujibu kama fundi.

Nianze na la karata. Wenzako hawatungi. Mwaka 2007 wachezaji wa tovuti ya poka ya Absolute Poker walimshuku mtu aliyejiita POTRIPPER. Alicheza ovyo kabisa, lakini mwenzake akitishia na karata mbovu, yeye anafuata dau. Mwenzake akiwa na karata nzuri kweli, anakunja, yaani anajitoa kabla hajapoteza zaidi. Mchezaji mmoja akaomba kumbukumbu za shindano lililomshinda, na kampuni, sijui kwa uzembe wa nani, ikamtumia faili lenye karata za kila aliyekuwa mezani. Wachezaji wakakaa nalo mstari kwa mstari. Wakaona kulikuwa na akaunti ya pembeni inatazama meza ile, na nyayo zake zikaelekea ndani ya kampuni yenyewe. Haukupita muda tovuti nyingine, UltimateBet, nayo ikakutwa na ugonjwa huohuo, na mwaka 2008 tume ya michezo ya kubahatisha ya Kahnawake, kule Kanada, ikamtaja Russ Hamilton kuwa mhusika mkuu. Huyo alikuwa bingwa wa dunia wa poka wa mwaka 1994. Fikiria, bingwa mzima.

Wizi wa namna hiyo wewe huwezi kuuzuia, uko jikoni kwao. Unachoweza ni kuchagua kampuni yenye leseni ya nchi unayoishi, na kutolimbikiza hela humo. Hata mwaka 2023 kampuni ya poka ya GGPoker walikiri kwamba mchezaji mmoja alipata mwanya kwenye programu yao, akawa anajua uwezekano wake wa kushinda kabla ya kuamua. Walimfungia, lakini waliostuka kwanza ni wachezaji.

Njia ya pili ya kuonwa karata inapitia kwenye laptopu yako mwenyewe, na hii ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Jens Kyllönen, Mfini anayecheza kwa hela nyingi, alikuwa Barcelona kwenye mashindano Septemba 2013. Akarudi chumbani hotelini, laptopu haipo. Baada ya muda kidogo akaikuta imerudi mahali pake. Wewe na mimi tungeshukuru Mungu tukaendelea na maisha. Yeye aliipeleka kwa wataalamu wa F-Secure, kampuni ya usalama wa kompyuta, wakakuta imepandikizwa programu ya kumwezesha mtu wa mbali kuona kioo chote kama anavyokiona mwenyewe. Karata zake zilikuwa wazi kwa mtu aliyeketi meza moja naye.

Usiseme wewe si wa hela nyingi, hakuna atakayevunja chumba chako. Mwaka 2015 ESET, kampuni nyingine ya usalama wa kompyuta, walieleza kirusi walichokiita Odlanor, kazi yake ni kupiga picha dirisha la tovuti za poka za PokerStars au Full Tilt na kumtumia mwizi aliyekituma. Kilikuwa kinaingia kupitia programu ambazo watu wanazipakua wenyewe, zikiwemo zile za kuwapigia wachezaji hesabu za poka. Kwa hiyo ile "kalkuleta" uliyoniambia mwenzako alikutumia kwenye kundi la WhatsApp, ifute leo. Na laptopu unayochezea asiishike mwenzako wa chumba kutazamia mpira.

Sasa pauni zenyewe. Tarehe 15 Aprili 2011 serikali ya Marekani ilizifunga tovuti za kampuni kubwa za poka. Full Tilt ilipofunuliwa, ikaonekana inadaiwa na wachezaji dola zipatazo milioni 390, na benki ina kama milioni 60. Salio lilikuwa linaonekana kwenye kioo, hela hazipo. PokerStars ndiyo iliyokuja kuinunua mwaka 2012 katika makubaliano na serikali, na Wamarekani wengi wakaanza kulipwa mwaka 2014. Miaka mitatu unasubiri jasho lako.

Huko uliko, Tume ya Kamari inailazimisha kila kampuni ikwambie hela za wateja zinalindwa kiasi gani ikifilisika: hazilindwi, zinalindwa wastani, au zinalindwa sana. Imo kwenye masharti, pale ambapo kila mtu anabonyeza "nimekubali" bila kusoma. Kasome. Hata ukikuta "sana", hela za humo zichukulie kama za kwenye droo ya duka, za kuanzia siku. Akiba ikae benki.

Nimalizie na jambo ambalo hukuliuliza. Mwezi uliopita nilipiga namba yako ya zamani, ile ya chuo. Akapokea mama mmoja wa Kahama, mpole sana, akaniambia namba hiyo ni yake sasa, imesajiliwa kwa kitambulisho chake, na amechoka na watu wanaomuulizia Idrisa. Laini isipotumika muda mrefu hufungwa, namba ikauzwa upya. Fungua mipangilio ya barua pepe yako uone namba ya kurejeshea akaunti ni ipi. Ningekuwa mcheza kamari ningeweka dau kwamba ni hiyohiyo. Yule mama hana habari na poka yako, lakini mwenye habari akiipata namba hiyo, atabonyeza "nimesahau nywila", barua pepe inakuwa yake, na kutoka hapo akaunti ya poka ni dakika mbili. Weka namba yako ya sasa. Kisha acha kutegemea misimbo ya SMS, maana matapeli wanajua kumrubuni mhudumu awahamishie namba ya mtu. Tumia ile programu ya simu inayotoa tarakimu sita zinazobadilika kila nusu dakika.

Na nywila ya poka isiwe ya mahali pengine popote. Mwaka 2022 kijana wa miaka 18 wa Wisconsin alichukua orodha za nywila zilizoibwa kwenye tovuti nyingine, akazijaribu kwenye kampuni ya kubashiri ya Marekani. Zikakubali kwa makumi ya maelfu ya watu. Wenzake walionunua akaunti hizo waliongeza njia mpya ya malipo, wakaweka dola tano kuithibitisha, halafu wakachota salio lote. Zilikwenda kama dola 600,000, kutoka kwa watu wapatao 1,600.

Na yule uliyeniambia anataka kucheza kwa akaunti yako mkagawane faida, mwambie hapana. Kampuni ikigundua itaifunga, na aliyepeleka pasipoti yake pale ni wewe.

Jumamosi nipigie ukiwa na laptopu mbele yako. Kabla ya hapo toa pauni mia tano. Wakikuzungusha, nipigie picha walichokuandikia unitumie, kabla hujawajibu.

Baba yako
Tanga