Kipimo kiko sahihi asilimia 99, si ndo basi tena?

SWALI: Mambo vipi mhariri, nimepima ugonjwa fulani wa nadra, yani unampata mtu 1 kati ya 1,000, sina dalili yoyote nilijipimia tu na wenzangu wa kazini, majibu yakaja ninao. Kipimo wanasema kiko sahihi asilimia 99. Nijiandae?

JIBU: Pole, ila tulia kwanza, bado sana. Chukua watu 10,000 kama wewe, wasio na dalili. Wagonjwa humo ni kama 10 hivi na kipimo kitawanasa karibu wote. Sasa wale 9,990 wazima, kipimo kinakosea asilimia 1, kwahiyo watu karibu 100 wanaambiwa wanaumwa na hawana kitu! Walioambiwa wanao jumla ni kama 110, wagonjwa wa kweli 10 tu, yani uwezekano wako ni kama asilimia 9, sio 99. Hapa wanateleza wengi, hata madaktari wamo. Na hesabu yenyewe ni ya kitambo, ya Thomas Bayes, mwanahisabati wa Uingereza, ilichapishwa 1763 mwenyewe ameshafariki.

Ila usije ukaitupa hiyo karatasi, asilimia 9 ni kama mara 90 ya ulivyokuwa kabla hujapima. Rudia kwa kipimo cha aina nyingine, maana kilekile kinaweza kurudia kosa lilelile. Na ungekuwa na dalili hesabu ingebadilika kabisa, hapo ningekwambia kimbia kwa daktari leo leo.