Barua kwa mwanangu: maneno ya amana

Kigungu, Entebbe

Mwanangu mpenzi,

Sisi huku hatujambo. Baba yako mguu umepoa kidogo, jana alitembea mpaka mwaloni na kurudi bila fimbo.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema wenzako kazini huko Nairobi walikuwa wakibishana kuhusu ndege ya Air India iliyoanguka Ahmedabad, ukashangaa kusikia kwamba sauti za marubani zilinaswa, wachunguzi wamezisikiliza, lakini umma haupewi. Ukaniuliza: "Mama, kama hawafichi kitu, kwa nini wazifungie? Na sisi tunaopanda ndege kila mwezi tutawaaminije?" Swali hili nisingeweza kulijibu kwa simu huku salio likikatika, ndiyo maana nimekaa chini niandike.

Unaikumbuka ile alfajiri ya tarehe 9 Machi 2009? Ulikuwa darasa la sita. Adhana ilikuwa bado, nami nilikuwa uani nawasha sigiri. Ndege zinapita juu ya mabati yetu usiku na mchana, masikio yamezoea, mtu hageuki hata kitandani. Ile niligeuka. Mngurumo wake ulikuwa mzito upande mmoja, na nilipoinua macho niliona mwanga mwekundu ukishuka kuelekea ziwani. Kikafuata kishindo, kisha kimya, mpaka mbwa walipoanza. Ilikuwa Ilyushin 76 ya mizigo, imesajiliwa São Tomé, inapeleka vifaa vya walinda amani Mogadishu. Watu 11 walikufa, akiwemo brigedia wa jeshi la Burundi.

Jirani yetu yule mzee mvuvi wa sangara alikuwa majini usiku ule. Siku chache baadaye walikuja watu wawili na madaftari, wakaambiwa mwalimu anajua Kiingereza, wakaniita nitafsiri. Mzee alichuchumaa, akachora kwa kidole mchangani: hapa uwanja, hapa kisiwa, hapa mtumbwi wangu, moto niliuona upande huu, kabla haijagusa maji. Alirudia hilo la mwisho mara mbili, ananiangalia mimi, ahakikishe nimelitafsiri. Nililitafsiri. Wakaandika, wakamshika mkono, wakasema, "Mzee, majibu tutawaletea."

Hawakurudi. Sitaki kusema walitoka ofisi gani, na huenda aliyeahidi alihamishwa. Lakini mzee alisubiri. Kila gari geni likipaki mwaloni alikuwa akiuliza, "Ni wale?" Baadaye akaacha kuuliza, akaanza kusema ndege ile ilitunguliwa. Mpaka leo anaamini hivyo.

Na majibu yalikuwepo, mwanangu! Ni wewe uliyenionyesha kwenye simu yako ukiwa chuoni. Wachunguzi wa Uganda waligundua kwamba injini zote nne zilikuwa zimepitiliza muda wake wa kutumika, na kazi ambayo kampuni ilidai kuifanya ili kuziongezea muda haikuweza kuthibitishwa. Ni jibu zito, la kazi ya kweli, lililoandikwa na watu wetu. Lakini limeandikwa Kiingereza cha mafundi, likakaa mahali ambapo mvuvi wa Kigungu hawezi kulifikia.

Sasa nije kwenye sauti. Kwetu mtu akikupa neno lake analikabidhi kama amana. Amana ina mambo mawili ndani yake: huitapanyi, na unarudi na hesabu yake. Wenzako wanataka la kwanza livunjwe. Hapo siko nao. Kinasa sauti cha chumba cha marubani kiliwekwa kwa makubaliano kwamba kitatumika kuzuia ajali nyingine. Sheria wanayofuata wachunguzi, Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, ule mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, inasema lengo pekee la uchunguzi ni hilo, wala si kugawa lawama, na inakinga sauti hizo pamoja na maelezo ya mashahidi, mpaka mamlaka husika ipime na kuona faida ya kuyatoa ni kubwa kuliko madhara. Fikiria rubani anayejua kwamba maneno yake ya dakika ya mwisho yatachezwa redioni mkewe akisikiliza. Fikiria fundi aliyesahau kukaza nati, anayeulizwa leo na kesho anasoma jina lake gazetini. Huyo atafunga mdomo, na nati nyingine italegea kwenye ndege yako ya Nairobi.

Lakini la pili, la kurudi na hesabu, hapo nawadai wachunguzi bila kupunguza hata senti. Sheria hiyohiyo inawapa tarehe. Ripoti ya awali ndani ya siku 30. Ripoti ya mwisho ndani ya miezi 12 ikiwezekana, na isipowezekana watoe taarifa kila ajali inapotimiza mwaka, waseme wamefika wapi. Kwa hiyo likitokea jambo, usianze kwa kuuliza wanaficha nini. Hesabu siku.

Wahindi walihesabu vizuri, wakakosea mahali pengine. Ndege ilianguka tarehe 12 Juni 2025, watu 260 wakafa, ripoti ya awali ikatoka baada ya siku 30. Ila ndani yake waliweka kipande kidogo sana cha mazungumzo: rubani mmoja anamwuliza mwenzake kwa nini amekata mafuta, mwenzake anajibu hakukata. Hawakusema nani aliuliza, wala nini kilisemwa kabla na baada. Mimi kama mwalimu nakwambia, kipande namna hiyo ni kibaya kuliko kimya. Dunia nzima ikamaliza sentensi yenyewe, na familia za marubani wawili waliokufa zikasoma mtandaoni hukumu ambayo hakuna hakimu aliyeitoa. Ama wangeacha yote mpaka kazi iishe, ama wangetoa ya kutosha mtu aelewe.

Kimya chenyewe nacho tunakijua gharama yake. Mwaka 2005 helikopta ya rais wetu ilianguka kusini mwa Sudani ikiwa na John Garang, makamu wa kwanza wa rais wa Sudani, na watu wengine 13, saba wao wahudumu wa chombo, watoto wa hapa. Kwanza televisheni ya Sudani ilitangaza kwamba ametua salama. Habari ya kifo ilipotoka, Khartoum ililipuka kwa ghasia na watu wengi wakafa. Hapa Kampala redio moja ilifungiwa kwa sababu ya mjadala wa ajali ile, na mtangazaji akashtakiwa kwa uchochezi. Sheria yenyewe ya uchochezi Mahakama ya Katiba iliifuta mwaka 2010. Ripoti ilipokuja kusema ni hali mbaya ya hewa na kosa la rubani, ilikuta watu wameshaamua. Inawezekana kila neno ndani yake ni kweli. Nani alikuwa bado anasikiliza?

Unauliza tutawaaminije ilhali Uganda Airlines ni ya serikali, uwanja wa Entebbe ni wa serikali, na wachunguzi nao ni wa wizara ya serikali hiyohiyo. Wasiwasi wako ni wa haki, usikubali mtu akuambie una chuki na nchi yako. Kuna kinga moja inayonituliza kidogo: mchunguzi hakai mezani peke yake. Nchi iliyosajili ndege, nchi ya shirika, nchi iliyoisanifu na iliyoiunda, zote zina haki ya kutuma mwakilishi, na zisipokubaliana na ripoti zina haki maoni yao yaambatishwe.

Hilo lilionekana Ethiopia. Unajua msiba wa Machi 2019, ile Boeing ya Ethiopian Airlines ilipoanguka, ulivyoingia nyumba nyingi za hapo Nairobi: watu 157, Wakenya 32, na wetu mmoja, Christine Alalo, aliyekuwa akikaimu ukamishna wa polisi wa AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika cha kulinda amani Somalia. Baba yako, polisi wa zamani, alizima televisheni akatoka nje. Ripoti ya mwisho ilipotoka mwishoni mwa 2022, Waethiopia waliandika kwamba kihisi, kile kifaa kinachopima pembe ya ndege dhidi ya hewa, kiliharibiwa na hitilafu ya umeme. Wamarekani wakasema kiligongwa, huenda na ndege (nasema ndege mwenye manyoya). Wafaransa nao walikuwa na yao. Maoni hayo hayakuambatishwa kama walivyotaka, basi Wamarekani na Wafaransa wakayachapisha wenyewe. Wengi waliona fujo. Mimi nilifurahi, maana sasa mtu anaweza kuweka karatasi hizo pamoja akasoma, akaona wanapogombana na wanapokubaliana: kwamba programu ya Boeing ilisukuma pua ya ndege chini kwa kuamini kihisi kimoja tu.

Kipimo changu kingine ni hiki: tafuta mahali wachunguzi walipoandika jambo linaloiumiza serikali yao. Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba Novemba 2022, ng'ambo tu ya maji haya ninayoyatazama, watu 19 walikufa na 24 wakapona, na waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao. Ripoti ya awali ya Tanzania ilisema uokoaji ungekuwa wa haraka wengi zaidi wangepona. Nilipolisoma hilo nilisema, hapa kuna mtu aliyekaa na kalamu yake akakataa kupendelea.

Na sasa nina ombi. Unakuja Idd. Ile ripoti ya 2009 uitafute tena, uisome yote kwa utulivu, kisha uniandikie kwa Kiswahili chepesi, kurasa mbili tatu zinatosha. Usiache sehemu ya injini, na usiache tarehe. Iwapo wameandika popote kuhusu mashahidi waliouona moto angani, hapo upige mstari. Mzee macho yake hayaoni vizuri tena, lakini masikio ni mazima. Nitamwita uani baada ya chakula, nimsomee mwenyewe.

Ni mimi,
Mama yako