Mabomba ya chini ya shamba: yanavyobadili mwendo wa maji, na kwa nini maji maangavu si lazima yawe safi

Ndugu muuliza swali, umesema unataka kufukia mabomba yenye matundu katika shamba lako linalotuamisha maji, na jirani aliye bondeni anapinga kwa hofu kwamba utamletea mafuriko na kumchafulia kijito. Nina mfumo wa aina hiyo katika hekta mbili za mfinyanzi, na huu ni mwaka wa saba: mabomba ya plastiki yenye kipenyo cha milimita 100, yaliyofukiwa kina cha sentimita 90 na kuachana mita 15. Jirani yako ana hoja, ila katika mafuriko hoja hiyo ni dhaifu kuliko anavyodhani, na katika uchafuzi ni nzito kuliko anavyojua.

Wengi hudhani kwamba bomba hunyonya maji ya udongo. Halinyonyi chochote, maji huingia matunduni pale tu udongo unaolizunguka umekwisha kushiba, na unyevu ulioshikwa na chembe za udongo hubaki palepale kwa ajili ya mizizi. Kinachoondoka ni ile ziada iliyokuwa imejaza nafasi za hewa. Ndiyo maana katika mfinyanzi uliokuwa umejaa maji hadi juu, ambako kila mvua mpya ilikosa pa kuingia ikatiririka juu ya ardhi na kufika kijitoni kwa mkupuo mmoja, mabomba huacha nafasi tupu kabla ya mvua inayofuata, nayo mvua hiyo huzama kwanza, kisha hutoka kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Mimi hupima kwa ndoo ya lita 20 na saa. Siku moja baada ya mvua kubwa ndoo hujaa kwa sekunde tisa hivi, yaani lita 190,000 kwa siku, ambazo ukizitandaza juu ya hekta mbili ni kama milimita tisa na nusu za mvua. Bomba haliwezi kupitisha zaidi ya uwezo wake hata mbingu zifunguke, na huo ni ulinzi wa aina yake kwa aliye chini.

Mambo hugeuka kama udongo wako unapitisha maji kwa urahisi. Hapo mvua ilikuwa ikizama yenyewe na kusafiri taratibu ardhini, na bomba huikatishia njia na kuiharakisha hadi kijitoni, hivyo kilele cha maji chaweza kupanda. Kwa hiyo chimba shimo la kina cha mita moja ujue una udongo gani kabla hujabishana na mtu.

Sasa uchafuzi, na hapa naomba uvumilivu wako. Mwaka wa kwanza nilisimama kwenye mdomo wa bomba nikajisifu, kwa sababu maji yalikuwa maangavu kama ya chemchemi, ilhali zamani mvua iliondoka na tope la shamba langu. Sifa ya tope ilikuwa ya haki, maana mmomonyoko wa juu ulipungua sana. Kisha nikatumbukiza karatasi ya kupimia naitreti, yaani naitrojeni ya mbolea na mboji iliyoungana na oksijeni na kuyeyuka majini bila kuonekana, nayo ikasoma karibu miligramu 60 kwa lita, wakati kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 50. (Angalia kipimo chako kinahesabu nini: baadhi huandika naitreti nzima, vingine huandika naitrojeni iliyomo tu, na tofauti ni zaidi ya mara nne.) Nilipopiga hesabu kwa lita zile 190,000, nilikuwa napoteza kilo mbili na nusu za naitrojeni kwa siku, sawa na zaidi ya kilo tano za urea.

Sababu yake ni kwamba naitreti haishikwi na mfinyanzi, hivyo huenda kokote maji yaendako. Udongo uliojaa maji hukosa oksijeni, na bakteria waliomo huvunja naitreti ili wapate oksijeni yake, naitrojeni ikarudi hewani. Ukiukausha, hewa huingia, mboji huoza haraka na kuzalisha naitreti zaidi, na bomba huiondoa kabla bakteria wale hawajaifikia. Ule ukanda wa majani niliouacha kandokando ya kijito ili uchuje maji haukusaidia chochote, kwa kuwa bomba lilipita chini yake. Nakiri kwamba sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo.

Fosforasi, kirutubisho kingine cha mbolea na samadi, hushikwa na udongo, lakini mfinyanzi ukikauka hupasuka, na mashimo ya nyungunyungu hushuka mpaka bombani. Niliwahi kumwaga samadi ya majimaji juu ya nyufa hizo. Mvua ikanyesha jioni ileile, na kabla ya saa moja kupita mdomo wa bomba ulikuwa unatoa maji ya kahawia yenye harufu. Kiasi kidogo cha fosforasi kilichoyeyuka chatosha kustawisha mwani. Mwaka 2014 wakazi wa Toledo, Marekani, walikatazwa kunywa maji ya bomba kwa siku kadhaa kwa sababu ya sumu ya bakteria wanaofanana na mwani katika Ziwa Erie, na mashamba yenye mabomba ya chini ni miongoni mwa njia zinazopeleka fosforasi ziwani humo.

Kilichonisaidia zaidi ni kugawa mbolea ya kukuzia mara mbili badala ya kumwaga yote mapema, na kukatua juujuu kabla ya samadi ili kuziba nyufa. Pia niliweka kwenye bomba kuu kisanduku chenye vibao vya kupandisha na kushusha: baada ya mavuno napandisha maji yabaki udongoni, na wiki mbili kabla ya kupanda nashusha. Kifaa hiki hufaa ardhi tambarare tu. Wapo wanaopitisha maji katika handaki lililojazwa vibanzi vya mbao ili bakteria wavunje naitreti humo, nayo ni njia inayofanya kazi, ingawa wiki za mwanzo hutoa maji meusi kama chai.

Kabla hujachimba, pima kijito juu na chini ya shamba lako kwa msimu mzima, jirani akiwepo, na mwandike namba pamoja. Mimi sikufanya hivyo, na hadi leo jirani yangu wa bondeni akisema kwamba maji yake yamebadilika, sina namba ya kumjibu.