Maswali na majibu: Nimeandika “by Friday”, lori likaja Jumatatu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni karani wa mfanyabiashara wa dagaa hapa Kirumba, Mwanza, na barua pepe zote za wateja wa nje naziandika mimi. Mwezi uliopita nilimwandikia mteja wa Kampala: “Your cargo will be in our store by Friday.” Nilikusudia kwamba mzigo wake utakaa stoo kwetu mpaka Ijumaa, baada ya hapo tunaihitaji nafasi. Akajibu: “Noted, we shall send the lorry on Monday.” Lori lilipofika Jumatatu, magunia yake tulikuwa tumeshayahamishia stoo ya kulipia, na gharama imebaki kwetu. Bosi amenikasirikia sana. Naambiwa kosa lote liko kwenye hilo “by”. Nitajuaje wapi niweke “by”, wapi “until”, wapi “in”, “on” na “at”? Na kwa nini wanaandika kwamba Mwanza iko “on Lake Victoria”, kwani mji uko juu ya maji? Ukinipa orodha, niko tayari kuikariri yote.

JIBU: Marahaba, dada yangu. Pole kwa yaliyokukuta. Orodha sitakupa, na sababu utaiona mbele. Tuanze na Ijumaa, maana ndiyo iliyokuunguza.

Neno letu “mpaka” lina kazi mbili, na Kiingereza kimezigawia maneno mawili. Nikisema “nitakuwepo ofisini mpaka Ijumaa”, nazungumzia hali inayoendelea bila kukatika hadi ikome. Hiyo ni “until”. Nikisema “mpaka Ijumaa uwe umeshanilipa”, nazungumzia tendo la mara moja. Unaweza kulipa Jumanne, unaweza kulipa Alhamisi, alimradi siku ile isipite. Hiyo ni “by”. Sisi hatuhangaiki kutafuta neno la pili kwa sababu kitenzi chetu kinaibeba tofauti hiyo chenyewe.

Kipimo ninachowapa wanafunzi wangu ni kuingiza “muda wote” mbele ya “mpaka”. “Mzigo utakaa stoo muda wote mpaka Ijumaa” inaeleweka, basi andika “until”. “Nilipe muda wote mpaka Ijumaa” haieleweki, basi andika “by”. Sasa isome tena sentensi yako kwa macho ya mtu wa Kampala. “Will be in our store by Friday” ni kusema kwamba ikifika Ijumaa mzigo utakuwa umeshaingia stoo. Alielewa kuwa dagaa wake bado wako njiani, akaona Jumatatu ni siku nzuri ya kuwafuata. Alisoma sawasawa kabisa. Na ile “on Monday” kwenye jibu lake ndiyo ilikuwa kengele. Mteja akikutajia siku inayopita ukomo wako, usiache barua ikalala, mpigie simu papo hapo.

Nikuongezee tahadhari moja hapa. Hata “until Friday” peke yake haitoshi kwenye biashara, kwa kuwa msomaji mmoja ataihesabu Ijumaa yenyewe na mwingine ataiacha nje. Andika saa na tarehe: “until 5 p.m. on Friday, 12 June”. Na unapoandika saa, kumbuka kuitoa kwenye hesabu yetu. Saa kumi na moja jioni ni “5 p.m.”, na nimewahi kuona mkutano ukivunjika kwa sababu mtu aliandika “at eleven” akiwa na jioni kichwani.

Sasa “in”, “on” na “at”. Watu wengi hudhani tatizo lao ni Kiingereza. Mimi naona linaanzia kwenye silabi yetu moja ndogo, “-ni”. Darasani huwa naweka kikombe cha chai mezani, navuta kiti na kukaa. Halafu naomba wanieleze kwa Kiswahili mambo yalivyo. Chai iko kikombeni, kikombe kiko mezani, mwalimu yuko mezani. “-ni” ile ile mara tatu. Mwingereza yeye analazimika kusema “in the cup”, “on the table” na “at the table”. Lugha yake inamuuliza swali ambalo yetu haituulizi: je, kitu kimezungukwa, kimegusa uso, au mahali pale ni kituo tu? Hata jina la soko letu la Mwaloni linabeba “-ni” hiyo, na hakuna anayeuliza kama ni ndani ya mwalo, juu yake au penye mwalo.

Si kwamba Kiswahili hakina kabisa hisia hizi. Tuna “mu” ya ndani, kama “mfukoni mna hela”, nayo inakaribiana sana na “in”. Tuna “pa” ya mahali mahususi, kama “mlangoni pana mtu”, nayo inakaribiana na “at”. Ila katika mazungumzo ya kila siku “kuna” imezimeza zote mbili, na sikio limezoea. Kwa upande wa “on”, hatuna kiambishi chake hata kimoja. Ndiyo maana “on” ndiyo inayowasumbua watu kuliko zote, na ndiyo maana swali lako la Mwanza kuwa juu ya maji nimelipenda sana.

“On” haina maana ya “juu ya”. Hapo ndipo tulipofundishwa vibaya shuleni. Maana yake ya msingi ni kugusana na uso au na mstari. Picha iliyotundikwa ukutani iko “on the wall”, na haiko juu ya ukuta hata kidogo. Nzi aliyeng'ang'ania dari yuko “on the ceiling”, ilhali ukimtazama yuko chini ya dari. Ukingo wa ziwa ni mstari, na mji unaougusa mstari huo uko “on” ziwa hilo. Mwanza, Musoma, Bukoba na Kisumu zote ziko “on Lake Victoria”, kama London ilivyo “on the Thames”.

Ukerewe ni habari nyingine. Maji yameizunguka pande zote, kwa hiyo ni “an island in Lake Victoria”. Ila mtu akisimama pale Nansio miguu yake inagusa uso wa kisiwa, naye yuko “on the island”. Ukiitaja Ukerewe kama wilaya, yenye mipaka yake, unarudi kwenye “in”: “in Ukerewe District”. Simama ufukweni asubuhi utazame mwenyewe. Sangara wako “in the lake”. Mitumbwi iko “on the lake”. Mvuvi yuko “in the canoe”, kwa sababu kingo za mtumbwi zimemzunguka kiunoni. Jiwe la Bismarck, ule mwamba maarufu wa ufukweni Mwanza, limesimama “in the water”, na ndege wametua “on the rock”. Sehemu ile moja inakupa somo zima, na hukuhitaji kukariri chochote.

Vyombo vya usafiri vinafuata hisia hiyo hiyo, kwa namna yake. Chombo ambacho abiria anaweza kusimama na kutembea ndani yake, au kinachobeba watu kwa ruti, huwa ni “on”: “on the ship”, “on the ferry”, “on the bus”. Daladala nayo ni “on the daladala”, hata kama umeinama humo ndani. Gari dogo, teksi, bajaji na mtumbwi ni “in”. Bodaboda unaipanda kama baiskeli, hiyo ni “on”. Ukitaka kutaja aina ya usafiri tu, tumia “by” na usiweke “the”: “by ferry”, “by bus”. “By the bus” ni kusema karibu na basi. Kabla ya daraja la Kigongo–Busisi, linalokatiza ghuba ya ziwa letu, kufunguliwa Juni 2025, malori yalivuka pale “by ferry”. Sasa yanavuka “over the bridge”. Na kwa miguu ni “on foot”, hiyo uikubali ilivyo.

Je, useme “in Mwanza” au “at Mwanza”? Unaishi “in Mwanza”, unafanya kazi “in Mwanza”, maana mji umekuzunguka. “At” inafaa pale mji unapokuwa kituo tu cha safari, kama kusema meli ilitia nanga “at Mwanza” kisha ikaendelea. Ofisi iko “on Kenyatta Road”, kwa kuwa barabara ni mstari. Mteja anakungoja “at the office”, yaani pale kwenye kituo mlichokubaliana, hata kama amesimama nje.

Kwa muda ni rahisi zaidi. Saa ni “at”, siku ni “on”, mwezi na mwaka ni “in”. Mwalimu Nyerere alizaliwa “in Butiama”, “on 13 April 1922”. Bendera ya Tanganyika huru ilipandishwa “at midnight”, siku ikiwa “on 9 December”, mwaka “in 1961”. Angalia tu kwamba asubuhi ni “in the morning”, lakini ukiitaja siku inageuka kuwa “on Friday morning”, na usiku ni “at night”. Mbele ya “next”, “last”, “this” na “every” usiweke chochote. “On next Friday” naiona kwenye barua za ofisi karibu kila wiki, na inaniumiza kwa sababu ni kosa la kuongeza kazi isiyotakiwa.

Nije sasa kwenye jambo ambalo hukuuliza, ila ndilo litakalokusaidia kuliko yote. Kiswahili kinaficha vihusishi, yaani maneno madogo kama hayo “in”, “to” na “for”, ndani ya vitenzi pia. Ukisema “namwandikia mteja”, ile “-ia” imeshafanya kazi ya “to”: “I am writing to the customer”. “Mtoto anamlilia mama” ina “for” ndani yake: “crying for his mother”. Tunasema “namsubiri mteja” bila kitu katikati, basi mkono unaandika “I am waiting the customer”, wakati Mwingereza hawezi kusubiri bila “for”. Tunasema “nisikilize”, tunaandika “listen me”, “to” imeachwa nyumbani. Na kinyume chake kipo. “Enter” imeshabeba “ingia ndani”, kwa hiyo ni “enter the store”, bila “into”. “Reach” ni “fikia”, kwa hiyo ni “reach Mwanza”. Lakini “arrive” inataka mwenzake, “arrive in Mwanza”, “arrive at the port”, na kamwe haichukui “to”, hata kama “kufika” kwetu kunatupeleka huko.

Kuna jozi moja ambayo Kiswahili kinakusaidia waziwazi, nayo inapotea bure. “Tulijadili bei” haina “kuhusu”, na “discuss” haina “about”: “we discussed the price”. “Tulizungumza kuhusu bei” ina “kuhusu”, na “talk” ina “about”: “we talked about the price”. Jadili na “discuss” zinakwenda pamoja, zungumza na “talk” zinakwenda pamoja. Ukilishika hilo, “discuss about” haitakutoka tena. Kwa barua zako za malipo, jua pia kwamba kitenzi “request” kinasimama peke yake, “we request payment”, lakini kikiwa nomino kinachukua “for”: “our request for payment”.

Ndiyo maana sikukupa orodha. Orodha ya vihusishi ni kama mtu kukariri “wangu, changu, yangu, langu” bila nomino zake. Hakuna mtoto wa Kiswahili aliyejifunza hivyo. Alisikia “kitabu changu” na “jembe langu” kama kitu kimoja, mpaka “kitabu langu” ikamkwaruza sikio. Fanya vivyo hivyo. Chukua daftari, kila kitenzi unachokutana nacho kwenye barua za wateja kiandike pamoja na jirani yake, ndani ya sentensi ya kazi yako mwenyewe. Usiandike “depend = tegemea”. Andika “The price depends on the season”, kwa sababu bei ya dagaa unaijua na hutaisahau sentensi hiyo. “Pay for the cargo”, lakini “pay the driver”: unalipia mzigo, unamlipa dereva. Unaona jinsi “lipia” na “lipa” zinavyokuonyesha njia?

Neno “kwa” nalo liangalie kwa jicho la tahadhari kila unapolitafsiri. “Kwa kisu” ni “with a knife”, “kwa shilingi elfu tano” ni “for five thousand shillings”, “naenda kwa mama” ni “to my mother's”. Ukilikuta, jiulize kwanza linafanya kazi gani hapo, ndipo uchague.

Kwa mteja wako wa Kampala, safari ijayo andika hivi: “Your cargo arrived in Mwanza on Tuesday. It will stay in our store until 5 p.m. on Friday, 12 June. Please collect it by that time. After that we will move it to another store, and you will pay for the storage.” Bosi wako naye umsomee sentensi hiyo ya mwisho kabla hujaituma, athibitishe kuwa ndivyo mlivyokubaliana kuhusu gharama.