Maswali ya Wasomaji: Kupiga Rangi Gari Uani kwa Pesa Uliyonayo

Barua za wasomaji wa Tanga zilizotufikia safari hii zimejaa rangi. Fundi ametaja bei isiyoshikika, gari limefubaa, na mwenye gari anauliza kama kazi hii anaweza kuifanya mwenyewe nyumbani. Anaweza, mradi akubali kwamba siku nyingi zitakwisha kwenye kuosha na kupiga msasa, na rangi yenyewe itachukua asubuhi moja tu.

Shikamooni mafundi. Nina Corolla 110 nyeupe. Rangi imefifia, na kutu imeanza chini ya milango na juu ya magurudumu ya nyuma. Jirani atanikodisha kompresa na gani (bunduki ya kupulizia rangi). Nianze wapi na ninunue nini? – Msomaji, Makorora

Marahaba. Cha kwanza kitakachokuokolea pesa ni kubaki na weupe huohuo. Ukibadilisha rangi utalazimika kupiga na pembeni mwa milango, ndani ya buti na kwenye chumba cha injini, la sivyo kila ukifungua mlango rangi ya zamani inakuchungulia. Tafuta kibati kwenye chumba cha injini, usome palipoandikwa C/TR. Ukikuta 040, huo ni weupe mkavu usio na chembe za kung'aa, na kwa anayeanza hakuna rangi rahisi kuliko hiyo. Ukikuta 062 ni nyeupe ya lulu, inayopigwa kwa tabaka tatu tofauti, hiyo usijifunzie.

Kisha ujue rangi iliyopo ni ya aina gani. Lowesha kitambaa cheupe kwa tina (kizimuo) ya rangi ya selulosi, ukibandike mahali pasipoonekana kwa dakika moja. Kitambaa kikitoka na rangi, gari lilishapigwa selulosi. Rangi ikivimba na kukunjamana, ni rangi ya mafuta, na selulosi ukiipiga juu yake itainua kila kitu. Pasipotokea lolote, ni rangi ya kiwandani au ya hadina (inayochanganywa na dawa ya kuikausha), na hapo selulosi itakaa vizuri baada ya msasa. Kwa kazi ya uani tunakushauri selulosi. Haihitaji hadina, inakauka upesi kabla vumbi halijatua, na ukikosea unapiga msasa na kurudia siku hiyohiyo. Ubaya wake ni kwamba hufifia mapema na haipendi petroli, kwa hiyo jiandae kuipiga polishi mara kwa mara.

Osha gari kabla ya msasa wowote. Ukianza na msasa unayasukuma mafuta na nta ndani ya mikwaruzo, na hayatoki tena. Maji ya mwisho yawe ya bomba. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na chumvi inayobaki chini ya praima (rangi ya kwanza ya kushikia bati) huvuta unyevu mpaka rangi inaota malengelenge.

Kutu ikwangue hadi bati liwe jeupe, na upite sentimita 3 hadi 5 zaidi ya pale inapoonekana, maana hutembea chini ya rangi nzima. Kwenye vishimo ambavyo msasa haufiki, tumia dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki kwa kufuata maelekezo ya kopo. Bati likiwa limetoboka, usilizibe kwa puti (dawa ya kujazia mabonde). Puti hunyonya maji kutoka upande wa nyuma, na baada ya masika moja inabanduka kipande kizima. Sehemu hiyo ikatwe na ichomelewe bati jipya. Hiyo ndiyo pesa ya fundi isiyokwepeka. Na bati tupu lisilale usiku mmoja bila praima: kwa unyevu wa Tanga asubuhi utalikuta limeshapata rangi ya kahawia. Nunua praima ya epoksi. Ile ya asidi usiipige puti juu yake, kwani asidi huzuia puti isishike.

Puti changanya kidogokidogo: gramu 100 kwa gramu 2 za hadina yake. Kwa joto letu una dakika chache tu kabla haijaganda. Anayeongeza hadina ili ikauke haraka huja kuona madoa yakipenya hadi kwenye rangi ya juu. Isizidi unene wa milimita 3 hivi, na isuguliwe kavu, kamwe si kwa maji: namba 80 kuipa umbo, kisha 120, kisha 240, msasa ukiwa umezungushwa kwenye kibao. Vidole vitupu huacha mabonde ambayo huyaoni mpaka rangi ing'ae.

Juu yake piga praima mikono (yaani tabaka) miwili au mitatu. Ikikauka, nyunyizia ukungu mwembamba wa rangi nyeusi ya kopo, kisha sugua kwa msasa wa maji namba 600. Weusi unaobaki unakuonyesha bonde liko wapi. Ukiisha wote, uso umenyooka. Usiliache gari na praima ya kawaida wiki nzima likinyeshewa, maana nayo hupitisha maji.

Ununuzi wa gari kama lako bila kupaka ndani ni takriban hivi: praima lita 2, rangi ya selulosi lita 4, tina nzuri lita 5 au 6 za kuchanganyia, na tina ya bei nafuu lita 2 za kuoshea gani tu. Ongeza puti kilo 1, misasa, na tepu ya karatasi. Magazeti yanatosha kufunika vioo, ila yawe mawilimawili, kwa kuwa tina hupenya gazeti moja. Kabla tu ya rangi, pangusa bati kwa dawa ya kutoa mafuta ukitumia vitambaa viwili, kimoja cha kulowesha na kingine cha kukaushia. Petroli na mafuta ya taa usivitumie hapo, vinaacha utando. Ukiona rangi inakimbia na kuacha vijiduara, ni silikoni ya polishi ya matairi au ya dashibodi.

Changanya rangi 1 kwa tina 1, hadi 1 kwa 1.5. Tundu la gani liwe milimita 1.4 kwa rangi na karibu 1.8 kwa praima, msukumo wa hewa psi 35 hadi 45, gani sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bati, na kila mpito ufunike nusu ya uliopita. Sogeza mkono sambamba na bati, usiuzungushe kwa kifundo. Ukiwa mbali mno, au rangi ikiwa nzito, uso unatoka kama ganda la chungwa la Muheza. Ukiwa karibu na mzito wa kusogea, rangi inatiririka. Anza na paa, kisha zunguka gari bila kurukaruka ili ukingo uliolowa usikauke kabla hujaurudia. Mikono 4 au 5, kila mmoja ukipewa dakika 10 hadi 15. Acha wiki moja, kisha msasa wa maji namba 1500, halafu 2000, halafu kampaundi (dawa ya kung'arishia). Pembeni na kwenye mikunjo usisugue kwa nguvu, hapo rangi ni nyembamba.

Nimepiga selulosi nyeusi kwenye boneti. Ilikuwa inang'aa, lakini baada ya dakika chache ikaingia weupe kama ukungu. Nimeuziwa rangi mbovu? – Msomaji, Raskazone

Kuna uwezekano mkubwa rangi yako ni nzima. Tina inapoondoka kwa kasi hulipoza bati, na unyevu wa hewani unageuka maji juu ya rangi ambayo bado mbichi. Weupe unaouona ni maji hayo yaliyonaswa. Hutokea zaidi asubuhi mapema, jioni, na siku inayonuia mvua, na huzidi mtu akitumia tina ya kuoshea.

Kuirekebisha si kazi kubwa. Subiri siku kavu, piga msasa wa maji namba 1000 kwa wepesi, kausha kabisa, kisha nyunyiza mkono mwembamba wa rangi yenye tina nyingi inayokauka taratibu. Mara nyingi hata ukungu wa tina hiyo peke yake unaufungua uso na maji yanatoka.

Kwa Tanga chagua saa. Anza saa tatu na nusu, umande ukiwa umekwisha, na umalize kabla ya saa sita au saba, upepo wa bahari haujapata nguvu ya kukuletea mchanga. Gari liwe kivulini. Boneti iliyochomwa na jua hukausha rangi kabla haijatandaa. Kazi nzito ipange Januari na Februari, au Julai hadi Septemba, uiache miezi ya masika. Tena fungua maji ya tangi la kompresa kila asubuhi kabla ya kuwasha, na mpira wa hewa uwe mita 8 au zaidi, chujio la maji likiwa upande wa gani, ili hewa ipoe na kuacha maji yake kabla ya kufika kwenye rangi.

Vitz yangu ya fedha inabanduka klia (tabaka la juu lisilo na rangi) kwenye paa na boneti. Naweza kupiga klia tu juu yake? – Msomaji, Chumbageni

Hapana. Jua limekata mshiko kati ya klia na rangi ya chini, na hata pale ambapo klia haijabanduka, kingo zake zimelegea. Klia mpya itazinyanyua kingo hizo, na alama ya ramani itaonekana milele. Sugua kwa namba 320 hadi kidole kisisikie ngazi yoyote, praima pale ulipofikia bati, halafu rangi ya fedha na klia kwenye boneti nzima na paa lote, bila kuishia katikati.

Tunakwambia waziwazi kwamba fedha ni rangi ngumu. Chembe zake hulala kwa kufuata mkono, na mpito mmoja usio sawa unaacha mistari isiyofutika kwa kampaundi. Namba ya rangi, kwa mfano 1C0, inakusaidia kununua, haikusaidii kupiga. Njia ya kati ni nzuri hapa: fanya msasa, praima na kufunika vioo mwenyewe, kisha mlipe fundi apige rangi na klia tu. Saa nyingi anazokulipisha fundi ni za maandalizi.

Mume wangu anapiga rangi ya hadina uani, amejifunga kitambaa puani. Watoto wanacheza hapohapo, nami napika kwa mkaa. Je, kuna madhara? – Mama, Duga

Mama, yapo, na makubwa. Hadina ya rangi na klia ina isosayaneti. Mvuke wake unaweza kukuingia bila harufu ya kukuonya, na huleta pumu. Mwili ukishaizoea vibaya, hata chembe kidogo baadaye hubana kifua. Kitambaa na barakoa ya hospitali havizuii chochote cha mvuke. Kinga yake ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka mbali, na uani kwa kawaida hakuna. Kwa hiyo hadina iende kwenye karakana yenye vifaa. Mume wako akitaka kufanya nyumbani, abadili atumie selulosi, avae barakoa ya mpira yenye vichujio vya mvuke wa rangi, miwani na glovu, uwanja ukiwa wazi na watoto wakiwa kwa jirani.

Jiko la mkaa lizimwe. Mvuke wa tina ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kwenda kulikuta jiko hata lililo pembeni. Sigara ni vilevile.

Nina kirikuu kinachobeba samaki kutoka soko la Deep Sea. Sina kompresa wala hela ya kukodi. Je, rola inafaa? – Msomaji, Ngamiani

Inafaa sana kwa gari la kazi. Nunua rangi ya mafuta ya chuma, galoni ya lita 4, na rola ya inchi 4, ya sponji au ya nyuzi laini. Zimua sehemu 10 za rangi kwa 1 hadi 2 za tapentaini, hadi mistari ya rola ijifute yenyewe. Kosa la wengi ni kutaka rangi ifunike mara moja. Mkono wa kwanza lazima uonyeshe rangi ya chini. Ukiuzidisha unene unakauka juu na kubaki mbichi ndani. Piga mikono 4 hadi 6, kila mmoja siku yake, na baada ya kila miwili pitisha msasa wa maji namba 600 kuondoa vipele. Maliza kabla ya saa tisa alasiri ili utando ushike kabla ya umande.

Maji ya samaki yana chumvi na barafu yake huyeyukia kwenye pembe za bodi. Kwangua pembe hizo, piga praima ya epoksi mikono miwili, na hakikisha matundu ya kutolea maji hayajazibwa na rangi. Kumbuka pia kwamba juu ya rangi ya mafuta selulosi haipigiki, labda uikwangue yote.

Nikibadilisha gari kutoka nyekundu kuwa nyeusi, kuna utaratibu? – Msomaji, Pongwe

Upo. Kadi ya usajili inataja rangi ya gari, hivyo peleka taarifa za mabadiliko TRA. Gari na kadi vikipishana, askari barabarani ana haki ya kukuhoji.

Bampa langu la mbele limekwaruzika. Makopo ya spre yatashika kwenye plastiki? – Msomaji, Sahare

Yatashika ukianza na dawa ya kushikisha plastiki. Angalia nyuma ya bampa: ukiona alama ya PP, au PP na EPDM (aina za plastiki), bila dawa hiyo rangi itavuka kama ngozi mara ya kwanza kuosha gari kwa mpira wa nguvu. Osha, sugua kwa namba 400 kisha 600, dawa ya plastiki mikono miwili myembamba, praima kopo 1, rangi makopo 2 na klia 1 au 2, kwa makopo ya mililita 400. Tikisa kwa dakika 2 tangu usikie gololi inagonga, na upige kutoka sentimita 20 hadi 25. Ukimaliza kila mkono pindua kopo na ubonyeze hadi itoke hewa tupu, la sivyo tundu litaziba na mkono unaofuata utatoka matone.